Godoro Nje

Sehemu ya Kumi na Moja

Haya, kaeni sawa. Wiki nzima mmenipigia simu hapa gazetini mkiniita katili, eti nimemwacha mwanamke wa watu na simu sikioni, mdogo wake analia upande wa pili, kisha nikaenda zangu kulala. Nani kalala? Roho yangu ilikuwa juu kama zenu.

Na wewe uliyejiunga leo, usione haya, sogea. Mwanamke huyo ni msemaji wa mgombea. Chamani wamembandika jina la Sabuni, maana hakuna doa la Mheshimiwa ambalo hajalitoa, na hakuna swali ambalo halikuteleza mikononi mwake. Tulimwacha amesimama ndani ya kituo cha redio, chumba cha mafundi mitambo, nyuma ya kioo kikubwa. Upande wa pili wa kioo, Mheshimiwa mwenyewe yuko mbele ya maikrofoni, suti ya kijivu, hedifoni masikioni, anangoja kuhojiwa moja kwa moja hewani. Ilikuwa alasiri, jua bado kali.

Kilichomleta Mheshimiwa hapo mnakijua. Majuma mawili nyuma alisimama uwanjani mbele ya maelfu, akawazungumzia Waislamu wa mji ule, akasema: "Kitanda kikiingia kunguni huanzi kuhesabu kunguni. Unatoa godoro nje!"

Watu wakacheka. Vijana wakacheka pia, kisha wakaenda kununua misumari. Tangu siku ile wanazunguka na vipande vya sponji ya godoro. Mlango ukipigiliwa sponji, waliomo ndani wanajua zamu yao imefika. Nyumba mbili zimeshatolewa magodoro nje na kuchomwa moto, na katika ile ya pili kuna mzee hakuwahi kutoka.

Sasa turudi kwenye simu.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia. Mlangoni kwenu wameweka?" Sabuni alinong'ona, mkono mmoja mdomoni ili fundi mitambo asisikie.

"Kwetu hawajaweka. Safu nzima ya nyumba wameweka sponji, kwetu wameruka."

Sabuni aliegemea ukuta. "Mungu mkubwa. Asante, Mungu."

"Usishukuru bado. Nimewaingiza wote."

"Wote akina nani?"

"Majirani, dada! Safu nzima. Wamejaa sebuleni, jikoni, mpaka bafuni. Kuna watoto nimewalaza chini ya meza ya cherehani. Ungekuwa wewe ungewafungia mlango?"

Ukweli ni kwamba Sabuni hakujua angefanya nini.

Mdogo wake huyu wa tumbo moja alibadili dini alipoolewa na fundi cherehani, miaka saba sasa. Chamani hakuna aliyejua. Sabuni alilificha jambo hilo kama mtu anavyoficha jino bovu, anacheka mdomo umefungwa. Mwezi uliopita mama yao alivunjika nyonga, mdogo mtu na mumewe wakahamia kwa mama kumuuguza. Mtaani nyumba ile inajulikana kuwa ni ya mwalimu mstaafu, mama wa kanisani. Vijana wa sponji walipofika, mama alijikokota mwenyewe hadi mlangoni, rozari shingoni, wakampa shikamoo na kupita. Nyumba iliyo salama katika safu nzima ikawa hiyo moja.

"Tokeni basi, mmoja mmoja," Sabuni alisema.

"Tutokee wapi? Vijana wamejaa kituo cha mafuta hapo mbele. Wamekaa juu ya pikipiki zao, wamefungua redio. Wanasema leo Mheshimiwa anatoa neno la mwisho."

"Polisi je?"

"Shemeji yako kapiga. Wamemwambia gari halina mafuta." Mdogo mtu alicheka kicheko kibaya. "Na sisi tuko nyuma ya kituo cha mafuta!"

"Nisikilize. Washa redio. Nitamfanya aseme acheni. Akisema yeye, wataacha."

"Kweli, dada?"

"Kweli. Nimewahi kukudanganya?"

Kabla mdogo wake hajajibu, taa nyekundu ya hewani iliwaka, Sabuni akakata simu.

* * *

Mhoji wa siku hiyo anaitwa Kupe. Ni mtu mzima, kipara, kikohozi hakimwachi, na jina alipewa na wanasiasa wenyewe, maana akiling'ang'ania swali hatoki mpaka umkate pamoja na nyama. Mawaziri wamewahi kuugua ghafla wakisikia zamu ni yake.

"Mheshimiwa, karibu. Naanza bila salamu nyingi. Uwanjani ulisema godoro litolewe nje. Godoro ni nani?"

Mheshimiwa alitabasamu. Jicho lake moja, mithili ya mtoto anayetafuta mama yake shuleni, lilikimbilia kwenye kioo.

Hapa nieleze kidogo, maana ndiyo kazi yenyewe. Mheshimiwa hajibu kitu bila Sabuni. Miaka mitatu amefundishwa. Sabuni akipandisha miwani kichwani, maana yake kimbilia barabara na maji. Akitia kalamu mdomoni, shambulia wapinzani. Akiinua chupa, simulia utoto wako wa shida. Halafu yako masharti: usiseme ndiyo, usiseme hapana, na jina la watu uliotajiwa kwenye swali usilirudie kamwe. Kwa hiyo tangu kampeni ianze, Mheshimiwa hajawahi kutamka neno "Waislamu" redioni. Husema "wenzetu fulani", wanaomsikiliza wanajaza wenyewe.

Siku hiyo Sabuni hakupandisha miwani. Hakutia kalamu. Alisimama tu, amekodoa macho, akitafuta kichwani alama ya kumwambia jibu. Haikuwepo. Katika alama zote alizomfundisha, hiyo hakuwahi kuifikiria.

Mheshimiwa akajihudumia mwenyewe. "Ndugu mtangazaji, mimi nimekulia kwenye nyumba ya udongo. Najua shida ya godoro. Tulilala wanne kwenye godoro moja."

"Sikukuuliza ulilala wangapi. Godoro ni nani?"

"Wananchi wanataka maji."

"Wananchi wawili wamechomewa nyumba. Mmoja amefariki. Ulimaanisha Waislamu, ndiyo au hapana?"

"Unajua, wapinzani wetu wamezoea kuchukua kipande cha hotuba..."

"Nina hotuba nzima. Tuisikilize?"

"Mimi ni mtu wa watu wote."

"Basi waambie watu wako waache. Neno moja tu. Maikrofoni hiyo hapo."

Sabuni alichomoa karatasi kwenye mashine ya kuchapia, akaandika kwa kalamu nene SEMA ACHENI, akaibandika kwenye kioo kwa viganja viwili. Mheshimiwa aliisoma. Midomo yake ikacheza. Nakwambieni, wasomaji wangu, sekunde ile neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Mkono ukatokea nyuma ya Sabuni, ukaing'oa karatasi.

Ni Meneja wa kampeni, jamaa mnene mwenye marashi yanayomtangulia mlangoni. "Umerogwa? Wale vijana ndio kura zetu. Ukiwaambia waache, kesho wanampigia nani?"

"Watu watakufa leo."

"Watu hufa kila siku. Pandisha miwani."

"Sipandishi."

Meneja akamvua miwani mwenyewe, akampandishia kichwani, taratibu, kama anayemvisha mtoto kofia. Ndani ya kioo Mheshimiwa akaona alama anayoijua, uso ukamchanua, akaanza kuhesabu kilomita za lami. Sabuni hakuwahi kumchukia mtu kwa haraka namna ile.

* * *

Matangazo ya biashara yalipoanza, Sabuni alisukuma mlango mzito wa studio, akaingia. Kuta zote mle zimebandikwa sponji nyeusi ya kuzuia mwangwi. Aliingia humo mara mia na hakuwahi kuiona. Leo aliiona.

Kupe alikuwa ametoka kwenda kukohoa. Mheshimiwa alikuwa anakunywa maji.

"Mheshimiwa, nakuomba. Napiga magoti kama unataka."

"Inuka bwana, kuna nini? Mbona nimecheza vizuri? Ile ya lami umeisikia?"

"Mdogo wangu yuko kule."

"Kule wapi?"

Hapa ningeweza kumfumba Sabuni mdomo, ningemfumba. Lakini mtu akiwa na uchungu hachagui wa kumwambia. Akamwaga yote: mdogo wake kaolewa na Mwislamu, fundi cherehani, wamo kwa mama, nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani, na ndani wamejificha majirani wa safu nzima, na vijana wako hapo nje na redio zao.

"Ile nyumba ndiyo pekee hawaijui, Mheshimiwa. Wanasubiri neno lako. Sema acheni. Chama kikinifukuza kesho, nitaondoka kimya kimya."

Mheshimiwa alimshika mikono yote miwili. Macho yakamlowa. Mtu huyu akitaka hulia kabisa, hilo halikuwa katika mafunzo, alizaliwa nalo.

"Pole sana, mwanangu. Mbona hukuniambia siku zote? Niachie mimi."

"Utasema?"

"Nimesema niachie mimi."

Sabuni alitoka amefurahi. Ndiyo, amefurahi! Yeye aliyemfundisha mtu kutosema ndiyo, akasikia "niachie mimi" akadhani ni ndiyo. Alimpigia mdogo wake akiwa bado anatembea.

"Ongeza sauti ya redio. Anasema sasa hivi."

"Wote tumeizunguka," mdogo mtu alisema. "Hata watoto nimewaamsha wasikie."

* * *

Taa nyekundu.

"Tumerudi," Kupe alisema. "Mheshimiwa, nimekuuliza mara nne. Una chuki na Waislamu au huna? Na kama huna, utawaambia vijana waache?"

Mheshimiwa alivuta pumzi. Akaisogeza maikrofoni karibu. Nyuma ya kioo Sabuni alikuwa amefumba macho, simu kifuani.

Sasa kuna somo moja sijawaambia, kwa kuwa nilitaka mlisikie hapa. Somo la mwisho, la mtu aliyebanwa mpaka ukutani. Sabuni alilipenda kuliko yote. "Ukishindwa kabisa," alimwambia siku moja, "taja mtu wa upande ule aliye karibu nawe. Na usimtaje juujuu. Taja kazi yake, taja anakokaa, taja hata rangi ya mlango. Ukitaja mlango, hakuna atakayeuliza tena kama unawapenda."

"Unasema nina chuki," Mheshimiwa alianza, sauti imelowa. "Msemaji wangu, yule dada pale nyuma ya kioo, mdogo wake wa tumbo moja kaolewa na mmoja wao. Fundi cherehani, kijana safi. Nyumba yao naijua. Pale nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani."

Sabuni alifumbua macho.

"Hata sasa ninavyozungumza wamo mle ndani, wamejazana na majirani zao, wana hofu, na moyo wangu uko nao. Niambie, ndugu mtangazaji, huyo ni mtu mwenye chuki?"

"Kata!" Kupe aliruka kutoka kitini, hedifoni zikamng'oka. "Fundi, kata! Kata matangazo!"

Fundi mitambo alikuwa amepigwa na butwaa, vidole juu ya vitufe, hajui akate nini. Maneno yalikuwa yameshaondoka. Yako kwenye kila pikipiki ya kituo cha mafuta.

Kwenye simu ya Sabuni ikaja sauti ya mtoto: "Mama, ametaja kwetu."

Kisha mdogo wake. "Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Mdogo wangu..."

"Jibu, dada. Wewe ndiye?"

"Ndiyo," Sabuni alisema. "Ni mimi."

Nyuma ya sauti ya mdogo wake, kwa mbali, pikipiki zilianza kuungurumishwa.

* * *

Mwingine angelia. Mwingine angezimia, na mimi ningepata nafasi ya kumpeleka hospitali na kuwaonjesha mapenzi na daktari. Sabuni hakufanya hata kimoja. Alimsukuma Meneja akapiga kisigino kwenye pipa la taka, akaingia studio, akaivuta maikrofoni ya Mheshimiwa mbele ya pua yake.

Kupe alimwangalia uso. Akamwashiria fundi aiache hewa wazi.

"Jamani mnaosikiliza," Sabuni alisema, na sauti yake ilikuwa laini, ile ile ya kutolea madoa. "Mheshimiwa ni mnyenyekevu, hapendi kujisifu. Mimi nitamsifu. Pale mlango wa kijani yuko mama yangu peke yake, mgonjwa wa nyonga. Mdogo wangu, mumewe na majirani hawamo tena. Mheshimiwa amewahamisha tangu asubuhi."

Mheshimiwa alimgeukia, mdomo wazi.

"Wako nyumbani kwake. Mkewe ndiye aliyewafungulia, na wamelala kwenye vitanda vyake, juu ya magodoro yake. Chama kina kiongozi mwenye huruma, ndugu zangu."

Kupe alielewa. Mtu wa kazi ile haelezwi mara mbili. Alijikalisha pole pole, akavaa hedifoni zake, akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa, hili ni jipya. Ni kweli? Waislamu wamo nyumbani kwako? Ndiyo au hapana?"

Tazameni sasa mambo ya dunia. Tangu mahojiano yaanze Sabuni alikuwa akiomba mtu huyu ajibu swali moja. Sasa moyoni alikuwa akiomba kwa nguvu zake zote asijibu. Neno "hapana" lingetosha. Mheshimiwa akisema hapana, hawamo, vijana wangeendelea na safari yao kwenye mlango wa kijani. Mtoto wa darasa la kwanza angelisema. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hakufundishwa na Sabuni.

Mheshimiwa alitazama kioo. Nyuma ya kioo Meneja alikuwa anapunga mikono, anatikisa kichwa, anakata hewa kwa kiganja, alama ambazo Mheshimiwa hakuwahi kuzisoma maishani.

"Unajua..." alisema Mheshimiwa. "Suala la nani yuko nyumbani kwa mtu ni la kifamilia."

"Kwa hiyo wamo?"

"Mimi nyumba yangu ni ya watu wote."

"Wamo, Mheshimiwa?"

"Mke wangu ana moyo mwema. Hilo kila mtu analijua. Tusiingize siasa kwenye ukarimu. Tuzungumzie maji."

Sabuni aliibana simu sikioni mpaka likauma.

"Wamefika kwenye safu," mdogo wake alikuwa ananong'ona. "Wana mapanga, dada. Shemeji yako kasimama na mkasi wa kukatia vitambaa, mkasi tu... Ngoja. Kuna mmoja anapiga kelele. Wanasikiliza redio. Wanabishana."

"Wanasemaje?"

"Mmoja anasema amekataa kujibu, basi kweli wamo. Anasema mke wa Mheshimiwa ndiye anamharibu mzee wao. Wanasema twendeni tukamsaidie mzee kutoa godoro. Dada... wanageuza pikipiki. Wanageuza! Wanapita... wamepita wote. Wameondoka, dada!"

Kule ndani watu walipasuka kilio. Kina mama, watoto, na sauti moja nzito ya mwanamume anayelia kwa kwikwi, labda shemeji. Sabuni aliketi sakafuni, mgongo kwenye sponji ya ukuta.

"Tokeni mlango wa nyuma," alinong'ona, kiganja mdomoni ili maikrofoni isimsikie. "Mbebeni mama. Nendeni kanisani kwake, padri yule hatawafukuza. Sasa hivi."

Alikata simu, na hapo ndipo alipomkumbuka mke wa Mheshimiwa. Mama yule humpa chai Sabuni kwa mkono wake mwenyewe kila akifika, na humuuliza ameshakula. Ana mabinti wawili, mdogo anaogopa hata paka. Sabuni alijiambia ukuta wa nyumba ile ni mrefu. Geti ni la chuma, na askari wenye bunduki hawaondoki pale usiku wala mchana. Watafika, watapiga kelele, wataishia getini. Alijiambia hivyo, akaona aibu, akajiambia tena.

* * *

Haikuchukua muda. Nyumba ya Mheshimiwa iko mlimani juu ya safu ile, pikipiki hupanda mara moja.

Meneja aliingia studio na simu ya Mheshimiwa mkononi, jasho limeharibu marashi yote. "Ni Mama. Amepiga mara tatu."

Mheshimiwa alipokea kwa papara, akabonyeza spika badala ya kuiweka sikioni. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Baba watoto, uko wapi?" Sauti ya mkewe ilijaa chumba kizima, na nyuma yake uimbaji wa vijana: godoro nje, godoro nje. "Kuna umati getini. Wanasema nimeficha watu. Nimeficha nani mimi?"

"Waambie hakuna mtu!"

"Nimewaambia mpaka koo limekauka! Wananijibu kama hakuna mtu, mbona mwenyewe ameulizwa redioni akashindwa kukataa? Kwa nini hukukataa, baba watoto? Kulikuwa na ugumu gani?"

Mheshimiwa hakutazama kioo safari hii. Aliikamata maikrofoni kwa mikono miwili kama anayezama.

"Acheni!" Ilimtoka kubwa, ya tumboni, mpaka fundi mitambo akarudi nyuma. "Vijana wangu, nawaomba, acheni! Hapana! Hakuna Mwislamu nyumbani kwangu, hapana, nasema hapana! Na hata angekuwepo, acheni! Ondokeni hapo! Mimi ndiye ninayesema, mnaijua sauti yangu, acheni!"

Sabuni alimsikia akitamka maneno yote aliyomfundisha asitamke, kwa pumzi moja. Kumbe yalikuwemo.

Meneja alikuwa ameufunika uso kwa viganja.

"Nini?" Sabuni alimuuliza. Alimvuta mikono kwa nguvu. "Nini wewe?"

"Hawatamsikiliza," Meneja alisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili wake. "Asubuhi nilikutana nao, nikihofu asije akabanwa akalisema. Niliwaambia atakachosema redioni ni cha redioni. Niliwaambia hata mkimsikia anasema acheni, jueni amebanwa na wale wahoji. Msiache."

Kwa hiyo muda wote ule Sabuni alikuwa akiliombea neno ambalo lilikuwa limeshauawa tangu asubuhi. Mheshimiwa angelisema kwa hiari, angelisema mapema, safu ile ingechomwa vilevile.

Kwenye simu, uimbaji ulikatika. Redio za pikipiki kule getini zilikuwa zinarudia sauti ya Mheshimiwa, nyuma kidogo ya mwenyewe: acheni, acheni, nasema acheni. Kisha vijana wakacheka. Walicheka kwa upendo, kama wanavyocheka watu waliomwelewa mzee wao. Wakampigia makofi.

"Wanakushangilia," mkewe alisema, haamini anachokiona. "Baba watoto, wanakupigia makofi."

"Waite askari! Wako wapi askari wangu? Waambie wafyatue hewani!"

Kulikuwa na mlio wa chuma kikiburuzwa, mrefu, na mtoto wa kike akaanza kupiga kelele.

"Askari ndio wanaowafungulia geti," mkewe alisema. "Wanasema hawa ni watu wako."